TAHADHARI: Mzee wa sahani za maua, Delft

Jamani mlioko Uholanzi, nimetapeliwa mchana kweupe, Delft kwenyewe, mji wenye sifa ya vyombo vya udongo, kando ya mfereji, na babu mwenye mvi na kofia ya kijani.

Kaniuzia sahani mbili za maua ya chungwa, kijani, zambarau na njano, si zile za bluu za watalii. Akaishika moja kwa mikono miwili, akaipangusa kwa shati lake, akaigeuza. Nyuma kibandiko kimechakaa, bei imeandikwa kwa gilda. Gilda, pesa iliyokufa 2002! Akasema ni za karne ya 18, za marehemu shangazi yake, nisije nikaziosha maana rangi itakufa. Nikaomba apunguze, akanuna, akaanza kuzifunga gazeti azirudishe kwenye boksi. Tapeli gani anakataa pesa? Nikatoa euro 380 taslimu. Na msiniambie sikuangalia. Hata nyufa zile nyembamba kama nywele niliziona, zimeingia kahawia ya uzee.

Uzee gani! Nimeziloweka maji ya vuguvugu, beseni zima likawa chai ya rangi. Kibandiko kikabanduka, chini yake kuna alama ya mashine ya kuoshea vyombo. Karne ya 18! Namba yake ya simu, hewa. Risiti hakutoa, eti mashine imeharibika.

Haya, mnaotaka kununua: ya kale ikimegeka ukingoni, chini ya ile rangi nyeupe ya madini ya bati iliyopakwa juu unaona udongo laini wa manjano-manjano. Zangu zimemegeka nyeupe pee. Maua ya brashi hayafanani moja kwa moja, zangu ni pacha kila jani, na kwa lenzi ni vidoa vya chapa vitupu. Kukiandikwa "Delft" kwa herufi zote nyuma, mara nyingi ni ya juzi. Na AK, alama ya Adrianus Kocx, mwenye kiwanda wa Delft ya zamani, isikubabaishe, imeigwa miaka na miaka.

Lakini huyu mzee afungwe! Avunjiwe meza, sahani zake zote zitupwe mferejini na yeye azifuate. Wa Rotterdam na Den Haag, akihamia kwenu mpigeni picha, sura na meza, mnitumie hata usiku wa manane.