TAHADHARI: Fundi wa gumegume anayeitikia "Marahaba" ni tapeli, amenila dola 1,850

Ndugu zangu, naandika nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja, mtanisamehe maneno yakigongana. Dola 1,850 zimekwenda, nilizolipa nichongewe gumegume, bunduki ya kizamani inayowasha baruti kwa cheche ya jiwe. Mke wangu ameniuliza mara moja tu, hakurudia, na kule kutorudia ndiko kunakoniuma.

Ilikuwa Jumapili saa tatu usiku, mwanzoni mwa Oktoba. Simu ikaita, namba siijui. Nikapokea kwa Kiingereza, yule mtu akasema, "Ndugu yangu, ongea Kiswahili tu." Sauti ya mzungu mtu mzima. Nikaamkia bila kufikiri, "Shikamoo mzee." Akaitikia palepale, wala hakusita, "Marahaba, mwanangu. Habari za Sikonge?"

Nilikaa chini. Hamjui maana ya kusikia jina la Sikonge, kwetu Tabora, ukiwa Pennsylvania, Marekani, nje baridi, umetoka zamu ya masaa kumi na mbili. Akasema mama yake alikuwa nesi wa misheni kwetu, akasema amekula asali ya miombo akiwa mtoto, masega yakiwa na majivu ya moshi. Kisha akanimaliza kabisa. Akasema, "Mwanakondoo ameshinda." Mimi nikajibu, "Tumfuate." Walokole na Wakatoliki mnisamehe, lakini Mmoravian yeyote wa Tabora anajua kwamba ukishasema hivyo na mtu, huyo si mgeni tena.

Na kazi aliyosema atanifanyia, kunichongea gumegume, ndiyo niliyokuwa natafuta miaka yote hii. Babu alikuwa na gobore lililoning'inia juu ya mlango, kisha likaondoka. Nilipohamia huku nikakuta kwamba Wamoravian wa Pennsylvania, kanisa lilelile, walikuwa na karakana ya bunduki Christian's Spring, karibu na Nazareth, katika karne ya 18. Fundi Andreas Albrecht alikuwa hapo, na baada yake Christian Oerter, ambaye bunduki yake ya mwaka 1775 ipo mpaka leo. Bunduki ndefu, mtutu wa pembe nane, kitako cha mbao ya mepli yenye milia kama ngozi ya chui milia, zote za kushindiliwa baruti kwa mdomo. Nilipoziona makumbusho ya Jacobsburg nilisimama mpaka mlinzi akaja kuniuliza kama nahitaji msaada. Nikataka moja ya namna hiyo. Si ya ukutani. Jimbo hili lina msimu wa gumegume tu baada ya Krismasi, tangu 1974, huruhusiwi kwenda kwa kulungu na bunduki ya fataki (kile kikofia kidogo cha kulipuka) wala silaha ya kisasa, ni jiwe na chuma. Nilitaka kwenda na kijana wangu.

Basi nikatuma nusu, dola 925. Akaniomba nitume kama ninayemtumia rafiki, si kama malipo ya bidhaa, "tusiwape wenye programu asilimia yao." Nikaona ni busara. Kila wiki mbili picha zikaja: kitako kikichongwa, kisanduku cha shaba cha kuwekea vitambaa vya kufungia risasi kikipigwa misumari midogo, mikono imejaa vumbi la mbao. Kwenye picha ya tatu, karibu na shavu la kitako, palikuwa na kifundo cheusi kama punje ya kunde. Nikamwandikia kwamba kile kifundo nakipenda, asikifiche. Akajibu, "Sawa, mwanangu." Siku hiyohiyo nikamalizia nusu ya pili.

Boksi likafika tarehe 19 Desemba. Nilifungulia jikoni, watoto wamenizunguka. Kitu cha kwanza nilichotafuta ni kile kifundo. Hakipo. Nikageuza huku, nikageuza kule, nikawasha taa ya simu. Hakipo. Mke wangu akasema labda kakipaka rangi. Nikamwambia labda. Ndugu zangu, moyo ulishajua, mdomo ndio ulikuwa unakataa.

Nikachukua kitambaa chenye spiriti nikasugua milia ya kitako. Milia ikahamia kwenye kitambaa. Rangi! Mepli halisi milia iko ndani ya nyuzi za mbao. Fundi anapaka asidi iliyoyeyushiwa chuma, anapitisha moto, milia inaamka, na ukigeuza bunduki kwenye mwanga inacheza. Hii ilikuwa imechorwa kwa brashi, tena upande wa kushoto alichoka akaiachanisha.

Nikaenda gereji nikafunga jiwe kwenye nyundo, bila baruti, nikafyatua. Hakuna cheche. Mara ya pili, hakuna. Mara ya tano jiwe limechimba bamba la chuma linalogongwa nalo kama msumari kwenye sabuni. Cheche ya gumegume ni vipande vya chuma kilichokomazwa vinavyokwanguliwa na jiwe na kuwaka. Bamba laini halitoi kitu.

Hapo nilikuwa bado nafikiri nimeibiwa pesa tu. Kesho yake nikampelekea mzee mmoja jirani yangu, wa mashindano ya bunduki za kushindilia ya Friendship kule Indiana. Akapitisha mdeki, ile fimbo ya kushindilia, ndani ya mtutu mpaka mwisho, akaweka alama mdomoni mwa mtutu, akauchomoa akaulaza kwa nje. Ncha inatakiwa iishie usawa wa tundu la moto, pale cheche inapopenyea kufikia baruti. Kwenye bunduki hii iliishia nyuma ya tundu, karibu sentimita moja na nusu. Hakusema neno. Akafungua kizibo cha nyuma ya mtutu, kile ambacho ndicho kinachosimama kati ya mlipuko na uso wako, na kilitoka kwa kuzungushwa mara tatu. Nyuzi tatu za skrubu, na hizo zimelegea unaweza kuzitikisa kwa vidole. Tundu la moto lilitobolewa katikati ya nyuzi tupu.

Kijana wangu ana miaka kumi na minne. Nilikuwa nimemwahidi risasi ya kwanza. Shavu lake ndilo lingekuwa juu ya kile kizibo.

Kwa hiyo asije mtu akaniambia nisamehe, eti ni mtu wa kanisa. Nataka akamatwe. Nataka afungwe, na akitoka asiruhusiwe kushika patasi maisha yake yote. Mwizi wa pesa namwelewa, ana shida zake, lakini huyu aliona kile kizibo kwa macho yake, akakipaka mafuta king'ae, akafunga boksi akaandika jina langu. Nimeandikisha polisi. Simu yake haipatikani tangu nilipomwuliza kifundo kimekwenda wapi. Kama kuna mwingine kaumizwa aniandikie, tukiwa wengi jalada halitafunikwa.

Dalili zilikuwepo. Habari za Sikonge alizisoma kwenye tangazo langu mwenyewe la kutafuta fundi, nimeenda kuliangalia, kila kitu kipo mle, hadi asali. Na usiku ule alinisalimia "mwangaluka" saa tatu usiku! Mtoto gani aliyekulia kwetu atakupa salamu yetu ya asubuhi usiku? Nilisikia, nikasema mzungu kasahau. Bei: mafundi wa kweli wanaochonga kwa mkono wanataka maelfu ya dola na unangoja mwaka au zaidi, yeye wiki kumi. Picha zote zilikuwa za mikono, uso hakuna. Nilipoomba nimtembelee karakanani, mara mafua, mara mgonjwa. Na bunduki hizi kwa sheria ya shirikisho ya 1968 zinahesabiwa za kale hata zikiwa mpya, zinaletwa mlangoni bila kupitia duka lenye leseni, kwa hiyo katikati hakuna mtu mwenye daftari la kumkaba. Wala Marekani hapa hakuna lazima ya mtutu kujaribiwa na kugongwa muhuri kama wanavyofanya Birmingham kule Uingereza. Ni neno la fundi tu. Mimi nilipewa neno la Mwanakondoo, nikalipokea. Anayetumia neno lile kuibia watu, Mungu ampe kinachomstahili, na hakimu aongeze.

Kama una bunduki iliyotoka kwa mtu wa namna hii, usiishindilie baruti hata punje. Pitisha mdeki kwanza, kisha mpelekee anayejua akufungulie kizibo. Yangu iko gereji, mtutu nimeufunga kwa waya. Kizibo ninacho mfukoni, natembea nacho kila siku mpaka polisi watakapokihitaji.