SQLite kwa programu ndogo ya ofisi: tathmini ya hifadhidata kutoka Mombasa

Ofisi nyingi za uwakala wa forodha hapa Mombasa bado huendesha kazi zao kwa faili za Excel zinazozunguka kwa barua pepe, na siku inapoamuliwa kwamba itengenezwe programu ya ndani ya kufuatilia makontena, swali linalozuka mapema ni la hifadhidata ya kutumia. Tathmini hii inahusu SQLite, niliyoiweka katika ofisi ya aina hiyo yenye makarani wasiozidi kumi na watano, nikiipima dhidi ya PostgreSQL na MySQL, hifadhidata mbili zinazoendeshwa kwa seva, ambazo nimezitumia katika kazi nyingine. Rai yangu ni kwamba programu inayokaa kwenye kompyuta moja na kutumiwa na watu wa ofisi moja kupitia kivinjari ianze na SQLite, mradi mipangilio yake kadhaa irekebishwe kabla rekodi ya kwanza haijaingia, kwa kuwa jinsi inavyokuja haifai kuachiwa hesabu za wateja.

SQLite haina seva, yaani programu ya pekee inayowashwa muda wote ili kuhudumia data. Ni maktaba ya msimbo inayoingia ndani ya programu yenyewe, na data zote, pamoja na majedwali na faharasa, hukaa katika faili moja. D. Richard Hipp aliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 2000, na msimbo wake ni mali ya umma, kwa hivyo hakuna leseni ya kununua wala ya kuhuisha. Imo ndani ya simu za Android na iPhone, Django, zana ya kutengeneza programu za wavuti, huanza nayo mradi mpya unapofunguliwa, na Laravel, zana nyingine ya aina hiyo, imeifanya chaguo lake la kawaida tangu toleo la 11 la mwaka 2024. Watunzaji wake wametangaza nia ya kuihudumia hadi mwaka 2050, na Maktaba ya Bunge la Marekani imeiorodhesha miongoni mwa miundo inayopendekezwa kwa kuhifadhi data kwa muda mrefu. Kwa ofisi isiyo na fundi wa kompyuta wa kudumu, jambo ninalolithamini zaidi ni kwamba hakuna huduma ya kuwashwa kila kompyuta inapozimika, wala mlango wa hifadhidata ulioachwa wazi kwenye mtandao bila mtu kujua.

Mwenye ofisi, ambaye amekuwa katika kazi ya bandari tangu hesabu zilipoandikwa kwenye madaftari, aliniuliza swali moja tu kabla ya kukubali: "Stima ikikatika na karani yuko katikati ya kuandika, itakuwaje, mwanangu?" Ni swali la haki, na SQLite inalijibu vizuri. Kila badiliko hufanywa kama muamala mmoja: ama linaingia lote, ama haliingii kabisa. Katika utaratibu wake wa asili, kurasa za zamani hunakiliwa kwanza kwenye faili ya pembeni, na umeme ukipotea kabla ya kazi kukamilika, faili itakapofunguliwa tena hurudishwa ilivyokuwa. Katika utaratibu wa WAL (Write-Ahead Log), uliokuja mwaka 2010 na toleo la 3.7.0, mabadiliko mapya ndiyo huandikwa pembeni kisha yakahamishwa baadaye. Hapa pana jambo la kuangaliwa. Miongozo mingi hushauri kwamba mpangilio wa synchronous, unaoamua SQLite isubiri kiasi gani data ifike kwenye diski, uwekwe NORMAL ukitumia WAL, kwa ajili ya kasi; faili haitaharibika, lakini miamala ya mwisho kabla ya umeme kukatika inaweza kupotea. Kwa ofisi ambayo karani ameshamwambia mteja kwamba malipo yake yameingia, mpangilio huo haukubaliki. Acheni FULL, ambapo kila muamala husubiri ufike kwenye diski, na kompyuta hiyo ipewe betri ya akiba.

Hofu inayotajwa mara nyingi ni kwamba SQLite hairuhusu waandishi wawili kwa wakati mmoja. Ni kweli, na kwa ofisi ya ukubwa huu haina uzito. Kuandika rekodi moja huchukua milisekunde chache, na katika WAL wasomaji hawamzuii mwandishi wala mwandishi hawazuii wasomaji. Watengenezaji wenyewe husema kwamba tovuti inayopata maombi chini ya 100,000 kwa siku inafaa kuendeshwa kwa SQLite bila taabu, na makarani kumi na watano wanaoandika namba za makontena hawafikii hata sehemu ndogo ya kiasi hicho. Cha lazima ni kuweka busy_timeout, yaani muda wa kusubiri, kwa mfano milisekunde 5,000, ili ombi linalokuta mlango umefungwa lisubiri zamu yake. Bila hivyo SQLite hurudisha kosa papo hapo, na karani huona ujumbe wa kutisha kwa jambo ambalo lingepita lenyewe.

Udhaifu wake wa kweli uko katika aina za data. Tuseme safu ya uzito imetangazwa kuwa INTEGER, yaani namba nzima, na karani akaandika 24,500 akiweka mkato kama alivyozoea kwenye karatasi. Hifadhidata nyingine zingekataa. SQLite, jinsi inavyokuja, hupokea maandishi hayo kama maandishi, huyaweka kwenye safu ya namba, na ripoti ya jumla ya uzito itatoka na makosa bila onyo lolote. Dawa yake ni neno STRICT mwishoni mwa kila tamko la jedwali, linaloifanya SQLite ikatae data ya aina isiyo sahihi, ambalo limekuwepo tangu toleo la 3.37.0 la mwaka 2021, na sioni sababu ya programu mpya ya ofisi kuundwa bila hilo. Hali ni hiyo hiyo kwa uhusiano kati ya majedwali: ukaguzi wa funguo za kigeni, yaani viungo vinavyofunga rekodi ya jedwali moja na ya jingine, umezimwa mpaka programu iuwashe kwa kila muunganisho mpya, na usipowashwa, hati ya shehena inaweza kufutwa na makontena yake yakabaki yatima ndani ya jedwali, yakiendelea kuhesabiwa kwenye ripoti.

Fedha zinahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa SQLite haina aina ya desimali kamili na hizi ni ofisi zinazotoza gharama nyingine kwa shilingi na nyingine kwa dola. Hifadhini senti kama namba nzima, na safu ya sarafu ikae kando yake.

Kuhusu muda, naomba msomaji atulie nami kidogo, maana hapa ndipo pesa hupotea. SQLite haina aina maalumu ya tarehe, na CURRENT_TIMESTAMP yake hurekodi saa ya dunia, yaani UTC, ambayo iko nyuma ya saa ya Kenya kwa saa tatu. Bandari ya Kilindini hufanya kazi usiku na mchana. Kontena lililoshushwa na kurekodiwa saa nane usiku wa kuamkia Jumanne litaonekana katika hifadhidata kuwa limeshuka Jumatatu saa tano usiku, na ikiwa programu inahesabu siku za bure, yaani zile ambazo kontena hukaa bila kutozwa, kwa kukata tu sehemu ya tarehe, mteja ataonekana amepoteza siku moja ambayo bado anayo, au ofisi itamwonya kuhusu gharama ambazo hazijaanza. Suluhisho ni kuhifadhi UTC kamili na kuongeza saa tatu kabla ya kutoa tarehe, na kwa bahati njema Kenya haibadilishi saa zake kwa misimu. PostgreSQL ina aina ya timestamptz inayobeba jambo hili vizuri zaidi, na katika kipengele hiki inaishinda SQLite waziwazi.

Nakala za akiba ni rahisi, ila zina mtego. Katika WAL, faili kuu huambatana na faili mbili za pembeni, na anayenakili faili kuu peke yake programu ikiwa inaendelea anaweza kubeba data pungufu. Amri ya VACUUM INTO, iliyokuja na toleo la 3.27.0 la mwaka 2019, hutoa nakala iliyo kamili bila kusimamisha kazi, na nakala hiyo ipelekwe nje ya jengo. Hewa ya chumvi ya pwani haina huruma kwa mashine, na diski ikifa hakuna hifadhidata itakayosaidia. Jambo lingine la kukataza kabisa ni kuweka faili ya SQLite kwenye folda ya pamoja ya mtandao ili kila kompyuta iifungue moja kwa moja. Ufungaji wa faili juu ya mtandao hauaminiki, na WAL haiwezi kufanya kazi hivyo hata kidogo. Programu ikae kwenye kompyuta moja, na wengine waingie kwa kivinjari.

Kuna pia suala la siri. SQLite haina watumiaji wala nywila. Anayeweza kunakili faili ameondoka na kila kitu, pamoja na namba za vitambulisho na PIN za kodi za wateja. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inaitaka ofisi ilinde taarifa hizo, kwa hivyo diski isimbwe ili isisomeke bila ufunguo wake, nakala za akiba zisimbwe, na chumba cha kompyuta kisiwe njia ya kila mpita.

Kuhusu MySQL sina mengi ya kusema. Inajulikana sana kwa sababu huja na vifurushi vya bei nafuu vya kupangisha tovuti, na kwa kazi hiyo inatosha. Lakini hadi toleo la 8.0.16 la mwaka 2019 ilikuwa ikipokea masharti ya CHECK, yaani kanuni za data inayokubalika, na kuyapuuza kimyakimya, na seti yake ya herufi iitwayo utf8 haibebi herufi zote mpaka uchague utf8mb4. Inataka utunzaji wa seva bila kunipa ukali wa PostgreSQL.

PostgreSQL, iliyotokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ulioanza mwaka 1986, ndiyo hifadhidata ninayoiheshimu kuliko zote hapa. Hukataa data mbovu bila kuombwa, ina desimali kamili, hutoa ruhusa tofauti kwa watumiaji tofauti, na inaweza kurejesha data hadi dakika iliyotangulia ajali. Gharama yake ni mtu wa kuitunza. Toleo kuu hutoka kila mwaka na huhudumiwa kwa miaka mitano, na kuhama toleo kuu moja hadi jingine si kuweka programu mpya juu ya ya zamani tu, bali data zenyewe lazima zihamishwe kwa zana yake ya pg_upgrade au kwa kutolewa na kuingizwa upya. Ofisi isiyo na mtu wa kazi hiyo itabaki na toleo lililokwisha muda wake, na hilo nimeliona zaidi ya mahali pamoja.

Ningehama kwenda PostgreSQL siku ambapo tawi la Nairobi linaloshughulikia makontena yanayofika Embakasi kwa reli litataka kuandika katika data zile zile, au siku ambapo mkaguzi atataka ruhusa za kila mtumiaji zilindwe na hifadhidata yenyewe badala ya programu. Majedwali yakiwa STRICT, fedha zikiwa senti na muda ukiwa UTC tangu mwanzo, kuhama huko hakutakuwa kugumu: kazi kubwa itakuwa kubadilisha safu za muda kuwa timestamptz, kisha kuzijaribu ripoti za siku za bure kwa makontena yaliyoshushwa kati ya saa sita na saa tisa usiku.