Canon 50mm f/1.8 STM, miezi 7 nayo hapa Mombasa

Wenzangu mnaoanza kupiga picha za watu na zinatoka flati tu na hamjui shida iko wapi, hii nawaandikia nyinyi. Nina kamera ya Canon 2000D na mwaka mzima nilitumia ile lenzi ya 18-55 iliyokuja nayo, kila picha ya mtu ikawa vile vile, mtu na ukuta na waya za stima na tuktuk iliyopaki kule nyuma vyote shapu sawasawa, yaani jicho halijui litue wapi. Nikanunua hii lenzi ya 50mm, mtumba lakini safi, shilingi 12,000, na wallahi pesa hiyo haijaniuma hata siku moja.

Ni ndogo, gramu 160 hivi, shingo haihisi. Ile 1.8, yaani ukubwa wa tundu la kuingiza mwanga (namba ikiwa ndogo tundu ni kubwa), ndo utamu wenyewe, maanake ile lenzi ya kwanza ukivuta mpaka mwisho inaishia 5.6 na hapa unapata mwanga zaidi ya mara 9, kwa hivyo hata vijia vya Mji wa Kale magharibi ikikaribia bado unapiga. Haina zumu. Mwanzo ilinikera, na kwa 2000D hiyo 50 inabana picha kama lenzi ya 80, chumba kidogo utarudi nyuma mpaka mgongo uguse ukuta, lakini hapo ndo nilianza kutembea na kumwangalia mtu vizuri kabla sijabonyeza.

Picha iliyonifungua macho ni ya khalati yangu. Amekaa barazani baada ya alasiri, jua halimpigi yeye, linapiga ukuta mweupe wa jirani ng'ambo ya kijia kisha linamrudia usoni taratibu. Nikamwambia khalati geuza uso kidogo huku ukutani. Akageuka, kikombe cha kahawa kwenye vidole vya hina, na ndani ya jicho lake kukaingia kile kidoti cheupe cha mwanga. Nakshi za mlango nyuma yake zikayeyuka kama moshi wa udi.

Sasa shida zake. Ukiwa mita moja na mtu na umefungua 1.8, sehemu inayotoka shapu, mbele mpaka nyuma, ni kama sentimita 3 tu. Siku ya Idi nilimpiga mpwa wangu picha nyingi sana, kofia shapu mpaka uzi unaonekana, macho yamefifia, na Idi hairudiwi, iliniuma sana. Usiiachie kamera ichague, weka nukta moja ya fokasi kwenye jicho lililo karibu nawe, funga lile tundu mpaka 2.8, wakiwa wawili nenda 4 na wakae mstari mmoja. Pia haina ile ya kuzuia mtikisiko, kasi ya shata mimi sishuki chini ya 1/125 ya sekunde.

Na kanzu jamani! Kamera ikiona weupe mwingi inadhani mwanga umezidi, inapunguza, uso wa mtu unatoka giza. Ongeza +1 kwenye kile kipimo cha mwanga chenye alama ya +/- (exposure compensation). Buibui ni kinyume, shusha.

Saa sita mchana hata lenzi hii haikusaidii, jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo, mpeleke mtu chini ya mibuyu pale bustani ya Mama Ngina au ngoja jioni. Lenzi yenyewe haijazibwa dhidi ya maji, na unyevu wetu huku unaotesha kuvu ndani ya vioo, mimi naiweka kwenye kopo la kufunga kabisa na vile vipakiti vinavyokuja na viatu.

Mwenye kamera za Canon za R, zile zisizo na kioo ndani, hii haiingii bila adapta, tafuta ile 50mm yao ya RF.

Picha ya khalati nimeichapisha A4, iko ukutani kwake, na sasa majirani wawili wanataka zao, naenda Ijumaa baada ya alasiri inshallah.