Katoni moja ya Rioja Crianza, miaka sita: uzoefu wangu

Mwezi Mei 2019 niliondoka Logroño na katoni ya chupa sita kwenye buti ya gari. Rioja Crianza, mvinyo mwekundu wa mkoa wa Rioja kaskazini mwa Hispania, mavuno ya 2016, yuro 5.95 kwa chupa. Kiwanda ni cha ushirika wa wakulima. Jina naliacha, kwa sababu chupa moja iliniharibikia na sitaki kumchafulia mtu soko kwa jambo linaloweza kumpata yeyote. Nilijiwekea sharti moja tu: nisizimalize mwaka huohuo. Nilitaka nijue kwa ulimi wangu mwenyewe kama mvinyo wa bei ya chini ukiwekwa unazidi kuwa mzuri, au ni maneno ya baa.

Nimekulia Hombolo, Dodoma, kwa hiyo zabibu si ngeni kwangu. Ila kwetu zabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka, na mvinyo tuliouzoea nyumbani ulikuwa wa kunywewa upesi kabla haujachacha. Habari ya chupa kulala miaka nimeikutia huku Hispania. Naishi Zaragoza, kilomita 170 hivi kutoka Logroño, na katika jengo letu hata mzee wa ghorofa ya pili, mstaafu wa pensheni ya kubana, ana chupa zake stoo.

Neno lenyewe, crianza, lilinifurahisha nilipolielewa. Linatokana na criar, yaani kulea. Ni mvinyo uliopata malezi. Kanuni za Rioja zinataka mwekundu wa daraja hili ulelewe miaka miwili kabla ya kuuzwa, na angalau mmoja kati ya hiyo uwe ndani ya pipa la mwaloni. Pipa lao la kawaida ni la lita 225, ambalo ukilimimina unapata chupa 300. Sehemu nyingi za Hispania miezi sita ya pipa inatosha kuuita mvinyo Crianza, ndiyo maana mimi hurudi Rioja. Juu yake kuna Reserva ya miaka mitatu na Gran Reserva ya miaka mitano. Hakuna haja ya kukariri. Geuza chupa utazame kile kikaratasi cha muhuri mgongoni: kijani ni mvinyo usiobanwa na masharti hayo, nyekundu ni Crianza, damu ya mzee ni Reserva, bluu ni Gran Reserva.

Ilinichukua muda kuona maana yake. Ukinunua Crianza, kazi ya kuuzeesha imeshafanywa, tena kwa gharama ya mwenye pipa. Hununui mvinyo mbichi ukaulee mwenyewe. Kwa hiyo swali langu likawa jembamba zaidi: nikiongeza miaka yangu juu ya yao, napata nini?

Chupa ya kwanza niliifungua jioni ileile. Lebo ilisema zabibu za aina mbili, Tempranillo asilimia 85 na Garnacha 15, kilevi asilimia 13.5. Tempranillo ni kutoka temprano, mapema, kwa kuwa zabibu hiyo huwahi kuiva kuliko wenzake. Rangi ilikuwa ya zambarau mbivu hadi ukingoni mwa glasi. Nikainusa, na kitu cha kwanza kilichonijia ni nazi. Nikadhani pua inanikumbusha nyumbani tu. Kumbe sivyo: mwaloni wa Marekani, ambao Rioja wameupenda miaka na miaka, ndio unaoacha harufu ya nazi na vanila, na karafuu kwa mbali. Mdomoni ilikuwa zambarau kabisa. Aliyewahi kula zambarau chini ya mti anajua: utamu unatangulia, halafu ulimi unakauka na mashavu yanavutana. Ule ukakasi ndio tanini, inayotoka kwenye maganda na kokwa za zabibu, na nyingine kwenye pipa.

Haikuwa mbaya. Lakini ladha ya tunda ilikuwa upande wake na ya pipa upande wake, kama wageni wawili waliokalishwa kochi moja hawajatambulishwa. Nikaipa 6 kati ya 10.

Zilizobaki nikazilaza stoo ya chini ya jengo, ambayo Waspania huiita trastero. Ni kijichumba cha zege kisicho na dirisha, kina baiskeli ya mtoto, masanduku ya safari na harufu ya saruji. Hakina mtambo wowote wa kupooza hewa. Nilipopeleka kipimajoto mwezi Agosti, wakati nje ilikuwa digrii 40, mle ndani kilisoma 22.

Ya pili ni ya Aprili 2020, tumefungiwa ndani kwa sababu ya korona, dengu jikoni na hakuna pa kwenda. Sikumbuki mengi ila kwamba nazi ilikuwa imepungua na ukakasi haukuuma tena. Alama 7. Inawezekana moja kati ya hizo ni ya upweke.

Ya tatu, Oktoba 2021, ndiyo iliyonifanya niandike haya. Tulikuwa tumechoma ternasco, mwanakondoo wa huku Aragón, kwa chumvi, vitunguu saumu na viazi chini yake. Niliifungua saa nzima kabla ya kula na kuiacha mezani. Rangi ilikuwa imeanza kubadilika: katikati bado nyekundu iliyokolea, ila ukiinamisha glasi juu ya kitambaa cheupe, ukingo ulikuwa na wekundu wa tofali. Nazi sasa ilibidi uitafute. Mahali pake palikuwa na cheri zilizokaushwa, karafuu, na kitu nilichokikisia mara tatu ndipo nikakipata: ngozi ya kiti cha gari la zamani lililoachwa juani. Mdomoni ilipita laini, kisha ikabaki. Nilihesabu kimoyomoyo hadi kumi na mbili kabla ladha haijakatika. Kwa yuro 5.95! Mke wangu, ambaye kwa kawaida huishia nusu glasi, alijimiminia ya pili bila kuulizwa. Alama 8.5, na ningekuwa mkarimu ningesema 9.

Usiku huohuo nikafanya kosa. Kwa furaha nilishuka stoo, nikapandisha chupa nyingine ili tuwe nayo karibu wageni wakija wikendi. Niliiweka juu ya kabati, sentimita chache juu ya friji. Wageni hawakuja. Chupa ikabaki pale, imesimama wima, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. Sikuisahau hasa. Kila nilipoiona nilisema nitairudisha chini kesho.

Ya nne niliifungua Krismasi ya 2022, pilau ya mbuzi iko mezani na watu wamekaa. Kizibo kilitoka vizuri. Nikanusa, nikanusa tena, nikampa mke wangu. “Gunia lililolowa,” akasema. Ndivyo hasa, gunia au kadibodi iliyolala nje usiku wa mvua. Hiyo ni dosari ya kizibo: kuna kemikali iitwayo TCA inayoweza kujitokeza kwenye gome la mti wa koki, na kiasi kidogo sana kinatosha kufuta harufu yote ya tunda. Haihusiani na umri wala namna ulivyohifadhi, na kuipa hewa hakusaidii. Chupa ya juzi dukani ungeirudisha wakubadilishie. Mimi risiti ilikuwa na miaka mitatu na nusu, na sidhani hata ningeipata. Tukaimwaga kwenye sinki tukanywa bia. Sikuipa alama, si haki kwa mvinyo wenyewe.

Zikabaki mbili: moja chini gizani, moja juu ya friji. Juni 2025 shemeji yangu alikuja kututembelea kutoka Dodoma, nikaona huyu ndiye hakimu ninayemtaka, hajui historia ya chupa hizi. Nilizifungua jikoni peke yangu, nikamimina kwenye glasi mbili zinazofanana, nikampelekea bila kusema neno.

Kabla ya yeye kuonja, mimi nilikuwa nimeshaona. Chupa ya juu ya friji nilipoichuna karatasi ya shingoni ilinata vidoleni. Kizibo kilikuwa kimesukumwa juu, kimechomoza kama milimita tatu, na ubavuni kina mstari mwekundu toka chini hadi juu. Joto hutanua mvinyo, mvinyo husukuma kizibo; ukipoa, unavuta hewa ndani. Rudia hivyo kiangazi baada ya kiangazi katika jiko la Zaragoza, tena juu ya mashine inayotema joto mchana na usiku. Ya stoo kizibo chake kilikuwa kikavu juu, chini kimelowa sentimita moja tu, safi.

Glasi ya stoo ilikuwa rangi ya tofali hadi katikati, nyepesi, unaona vidole upande wa pili. Chini ya chupa kulikuwa na mashapo, niliyaacha yatulie nikamimina polepole. Tunda la mwaka 2019 lilikuwa limeondoka na begi lake. Kulikuwa na tini kavu, majani ya tumbaku, udongo baada ya mvua ya kwanza. Ukakasi hakuna. Ila kuna uchachu mwembamba uliokuwa bado unaushikilia mvinyo usianguke. Baada ya dakika arobaini ukaanza kuchoka, na nusu saa nyingine ukawa kama chai ya rangi iliyopoa. Hizo dakika arobaini nitazikumbuka. Alama 7.

Glasi ya friji ilikuwa kahawia. Tende zilizochemshwa, sukari iliyoungua, halafu siki nyuma yake.

“Shemeji,” akasema, akiisogeza mbali kwa kidole kimoja, “hii ya pili si umeitoa kanisani, imeachwa wazi tangu Pasaka?”

Nikamwambia ni mvinyo uleule, katoni moja, siku moja ya kununuliwa. Hakuamini. Alikwenda jikoni kusoma lebo zote mbili, akarudi, akasoma tena namba za mavuno. Alama 2, na hizo ni za kuiheshimu chupa.

Sasa hukumu yangu. Nilianza nikidhani nitajifunza habari za miaka, nikajikuta nimejifunza habari za mahali. Tofauti kati ya chupa ya 2019 na ya 2021 ilikuwa pointi mbili na nusu. Tofauti kati ya chupa mbili zilizofunguliwa jioni moja ilikuwa pointi tano, na kilichozitenganisha ni ngazi za ghorofa nne. Kama huna sehemu yenye giza na ubaridi usiopandapanda, usiweke mvinyo hata miezi sita. Kwa ndugu zangu wa Dar au Mombasa wanaoikuta Crianza supamaketi: tazama kwanza rafu ilipo. Chupa iliyosimama dirishani inapigwa jua siipendekezi hata kwa punguzo. Ukishainunua inywe, na kabla ya kuinywa ikae kwenye friji nusu saa. Wanaposema mvinyo mwekundu hunywewa “kwa joto la chumba” wanamaanisha chumba cha Ulaya cha digrii 16 hadi 18. Kwenye 30 utasikia kilevi peke yake puani na utadhani umeuziwa mbaya.

Kwa mwenye stoo nzuri, Crianza ya bei hii mimi ningeipa miaka miwili hadi mitatu tangu kuinunua. Hapo ndipo pipa na tunda vinapatana. Ukivuka hapo haiharibiki mara moja, ila unabadilishana: kila mwaka unatoa tunda unapewa majani makavu, na kwa mvinyo mwembamba kama huu tunda halikuwa jingi la kuchezea. Anayependa ladha ya uzee aongeze yuro nne au tano achukue Reserva, yenye mwili wa kuhimili safari. Nitanunua tena Crianza hii? Ndiyo, chupa tatu, si sita. Nyama choma au pilau, inakaa vizuri na zote mbili, karafuu kwa karafuu. Samaki hapana, nilijaribu na sato, ikaacha ladha ya chuma mdomoni.

Mwezi uliopita nilipita tena Logroño. Nikachukua Reserva mbili za mavuno ya 2019, mwaka ambao Baraza la Rioja, linalosimamia mvinyo wa huko, liliupa daraja lake la juu kabisa, Excelente. Nimezilaza stoo nyuma ya masanduku, shingoni nimezungushia utepe wenye maandishi 2029. Ufunguo wa stoo anao mke wangu.