Kipimo gani cha ampea kinafaa kwa sola ya nyumbani

Hapa Moshi, kati ya Juni na Agosti, mawingu hutanda kuanzia asubuhi, na ndiyo miezi ambayo wengi huitupia lawama betri yao ya sola kwamba imechoka, ilhali hawajawahi kupima ni ampea ngapi zinazoingia humo. Kusoma volti peke yake hakutoshi, kwa sababu betri yaweza kuonyesha volti 13 huku mkondo unaoingia ukiwa haufiki hata ampea moja.

Chaguo langu la kwanza ni mita ya kubana, ambayo mafundi huiita klampu mita, kwani hupima bila kukata wala kufungua waya wowote. Hata hivyo, nyingi zinazouzwa kwa bei ya chini hupima mkondo geu (AC) wa umeme wa gridi tu, si mkondo mnyoofu (DC) wa paneli na betri, na huwezi kulijua hilo kwa kuitazama juu juu. Mimi mwenyewe niliuziwa ya namna hiyo. Niliibana kwenye waya wa paneli saa sita mchana, jua likiwa kali, nayo ikasoma sifuri. Tazama kwa makini alama zilizo kando ya herufi A: wimbi pekee ni mkondo geu, na unachokihitaji ni alama ya mkondo mnyoofu, yaani mstari mnyoofu wenye vistari vitatu chini yake. Kabla ya kulipa, omba uijaribu kwenye waya wa betri ya gari lililoegeshwa, injini ikiwa imezimwa na taa kubwa zimewashwa; taa mbili za wati 55 zinapaswa kuonyesha takribani ampea 9. Kila unapopima, bonyeza kwanza kitufe cha kuirudisha kwenye sifuri, kisha ubane waya mmoja tu, kwa kuwa ukibana chanya na hasi pamoja, mikondo yake hufutana.

La pili ni shanti, kipande cha chuma ambacho mkondo wote wa betri hupitia ili upimwe, pamoja na skrini yake, na kwa nyumba yenye inveta (kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa mkondo geu) ningeiweka karibu sawa na ya kwanza. Hufungwa kwenye waya hasi wa betri, na ile iliyoandikwa ampea 100 kwa milivolti 75, yaani ya kupima hadi ampea 100, huwatosha wengi. Sharti ni kwamba nyaya zote hasi, za kontrola (kifaa kinachosimamia chaji kutoka kwenye paneli) na za inveta, zifungwe upande wake wa pili, usio wa betri, la sivyo hesabu itakuwa pungufu.

Skrini ya kontrola ni ya tatu: husaidia, lakini haioni kinacholiwa na inveta iliyofungwa moja kwa moja kwenye betri.

Multimita ya kawaida naiweka mwisho. Paneli ya wati 200 inayofanya kazi kwa volti 18 hutoa takribani ampea 11, na tundu la multimita nyingi huishia ampea 10. Katika baadhi ya zile za bei nafuu, tundu hilo halina hata fyuzi. Ukisahau waya wake kwenye tundu hilo kisha ukagusa vichwa vya betri ukidhani unapima volti, umeunganisha chanya na hasi moja kwa moja, na waya huungua papo hapo. Ikiwa huna budi kuitumia, pima mkondo wa paneli ndogo, usiozidi kiwango cha tundu, kabla haujaingia kwenye kontrola, na usichomoe betri wakati paneli bado imeunganishwa, kwani kontrola yaweza kuharibika.