Ekstensheni ya mziki: pima tundu la juu kabla hujalipa

Masika iliyopita nilipeleka mziki kwenye send-off moja Pasua, hapa Moshi. Mvua ilikatika saa kumi na moja jioni, nyasi zimelowa chapachapa, turubai bado linadondosha. MC akashika maiki, akaisogeza mdomoni, akaitupa. Wageni wakacheka, wakajua ni vituko vyake. Akanifuata nyuma ya meza ya miksa, akaninong'oneza: "Dada, maiki yako inang'ata midomo."

Tukazima. Kesho yake nikauwasha mziki uleule nyumbani kwa ekstensheni ileile, nikachoma msumari wa inchi sita kwenye udongo wa bustani, nikapima kati ya msumari na bati la amplifaya. Volti 104. Nikachomoa, nikachukua bisibisi, nikaifungua ile ekstensheni. Ndani mlikuwa na nyaya mbili tu, wa kahawia na wa bluu. Yale matundu ya juu yalikuwa na ukanda wa shaba unang'aa kabisa, umekaa mahali pake, haujaunganishwa na kitu chochote. Tundu la tatu lilikuwa pambo. Shilingi 18,000 zangu, na muuzaji aliniapia inabeba hadi mashine ya kuchomelea.

Kwa hiyo mwongozo huu hautazungumzia rangi, idadi ya matundu, wala vitundu vya kuchajia simu. Hivyo utaviona mwenyewe dukani. Mimi nina kitu kimoja tu cha kukusumbua nacho, nacho ni ethi, yaani waya wa tatu unaoshusha ardhini umeme uliovuja.

Amplifaya nyingi na miksa zenye boksi la bati zimetengenezwa zitegemee ule waya wa njano na kijani. Ndani ya miksa za siku hizi kuna kichujio cha umeme kinachomwaga mkondo mdogo sana kwenye bati. Ethi ikiwepo, mkondo huo unashuka zake ardhini na hakuna anayejua. Isipokuwepo, bati linaelea kwenye karibu nusu ya umeme wa Tanesco, yaani nusu ya 230, na waya wa maiki unaupeleka mpaka kwenye kile kichwa cha chuma anachokibusu MC wako. Hapo ni kutekenywa tu. Ila siku waya wa moto ukichubuka ndani na kugusa bati, hatakuwa anatekenywa tena. Ethi ingerusha fyuzi palepale. Bila ethi, bati linabaki na volti 230 kamili, mziki unaendelea kupiga vizuri, linamsubiri mtu wa kuligusa. Tarehe 3 Mei 1972, huko Swansea nchini Uingereza, mpiga gitaa Les Harvey wa bendi ya Stone the Crows alishika maiki isiyo na ethi akiwa jukwaani. Alikufa.

Sasa, jinsi ya kukagua. Kwanza soma maandishi yaliyogongwa kwenye ganda la kebo. Ukiona 3G1.5, maana yake kuna nyaya tatu ndani, mmojawapo ni wa njano na kijani, na kila mmoja una milimita za mraba moja na nusu. Ile G ndiyo unayoitafuta. Ikiandikwa 2X0.75 rudisha kwenye rafu, hata kama muuzaji anakuita mama mara kumi. Kebo isiyo na maandishi yoyote nayo rudisha.

Maandishi pekee hayatoshi, maana kebo inaweza kuwa na nyaya tatu na wa tatu umekatwa ndani ya plagi. Weka multimita, kile kipimo cha umeme cha mkononi, kwenye alama ya mlio, ncha moja kwenye pini kubwa ya plagi, ncha nyingine kwenye tundu la juu la soketi. Tundu hilo halina kile kizibo cha watoto, ncha inaingia bila kuhangaika. Ikilia, sawa. Ifanye kwa kila tundu, usipime la kwanza ukaridhika. Angalia na pini yenyewe, kwani kuna plagi ambazo pini kubwa ni ya plastiki. Kwenye chaja ya simu haina neno, kwa sababu chaja haihitaji ethi. Kwenye ekstensheni ni utapeli.

Namba moja kwangu ni ya kununua vifaa mwenyewe na kumpa fundi akufungie, na sioni haya kusema plagi na soketi ziwe MK. Ni kampuni ya Uingereza, ilianza 1919, na sijawahi kuifungua plagi yao halisi nikakuta upuuzi. Kibano cha fyuzi kimekaza, skrubu zinashika waya bila kuukata. Nanunua soketi ya MK ya matundu mawili ya kufunga kwenye boksi la chuma, kebo ya 3G1.5 mita kumi na tano, na plagi yenye fyuzi ya ampia 13. Boksi la chuma nalo lazima liunganishwe ethi, usilisahau. Mzee mmoja fundi wa Majengo ndiye anayenifungia, nilimwamkia siku moja nikiwa na mfuko wa vifaa na tangu hapo ni kama baba yangu. Kama unahitaji mita thelathini, panda hadi 2.5. Hesabu yake ni hii: mita thelathini za waya wa 0.75, mzigo wa ampia 10, unapoteza kama volti 15 njiani, na volti hizo zinageuka joto ndani ya kebo. Kwa 2.5 hazifiki 5. Mwambie fundi akuoneshe plagi inavyobana, maana kebo ya 2.5 ni nene na kwenye plagi nyingi inaingia kwa shida.

MK za bandia zimejaa. Mimi natembea na kipande cha sumaku cha spika iliyoungua, kiko kwenye pochi pamoja na funguo. Pini ya shaba haivutwi na sumaku. Ikinasa, hiyo ni chuma kilichopakwa rangi. Na waya, omba uzi mmoja tu uukwangue kwa wembe. Shaba ni nyekundu mpaka katikati. Ukiona weupe, umeuziwa alumini iliyovikwa shaba, ambayo inapata moto haraka na inalegea kwenye skrubu.

Namba mbili ni gurudumu la kuzungushia kebo lililotumika, la Brennenstuhl au Masterplug, zile zinazoshuka na mizigo ya mitumba kutoka Ulaya. Afadhali hilo lenye mikwaruzo kuliko jipya la ajabu ajabu. Nyingi zina kitufe kinachojikata kebo ikipata joto. Lakini lile la Brennenstuhl mara nyingi lina soketi za Kijerumani zenye mashimo mawili ya duara, na ethi yake ni vile vibati viwili pembeni, kwa hiyo plagi ya miguu mitatu haiingii, na ukiilazimisha kwa adapta ya elfu moja umerudi kulekule Pasua. Badilisha soketi kabisa. Halafu lifungue gurudumu lote kabla hujawasha, hata kama unahitaji mita tano tu. Limeandikwa pembeni kwa herufi ndogo: likiwa limezungushwa linabeba kiasi kidogo sana kuliko likiwa limenyooshwa. Kebo iliyojikunja inajichemsha yenyewe.

Namba tatu ni zile ndefu za matundu manne au sita zenye swichi kila tundu, mradi zimepita mtihani wa mlio. Kwa sebuleni zinafaa. Kwa sherehe zina tabu moja: tundu likiwa wazi, mtu wa chakula atachomeka jagi lake la chai. Jagi la wati 2,200 peke yake linameza ampia tisa na nusu kati ya 13 zako. Nimeshawahi kukatiwa wimbo wa bwana harusi na maji ya chai.

Za elfu nane na elfu kumi zinazopangwa chini barabarani: hapana. Chajia simu.

Ukibakiwa na hela, usikimbilie stebilaiza kwanza. Tafuta RCD, yaani swichi ya usalama, ya kuchomeka ya miliampia 30. Inalinganisha umeme unaoenda na unaorudi, ikiona umepungua kwa sababu unapita kwenye mwili wa mtu, inakata kabla hujamaliza kusema "aisee". Baada ya hapo ndiyo uje kwenye Sollatek AVS, hasa kama unapeleka mziki Uru au Kibosho mwezi wa kumi na mbili, Wachaga wote wakiwa wamerudi nyumbani na kila boma lina taa na spika. Nimewahi kupima volti 187 saa tatu usiku. Sollatek haiongezi umeme, inakata ukishuka au ukipanda mno, kisha inasubiri utulie ndipo inarudisha. Hilo linanitosha. Zile stebilaiza za kutoa sauti ya ta-ta-ta zimeandikwa VA 5,000 na uzito wake ni wa pasi, mimi sizijadili.

Na wewe unayekata pini ya ethi ili mngurumo wa spika uishe, hiyo dawa inatibu sikio inaua mtu. Chomeka miksa na amplifaya kwenye soketi moja, mngurumo mwingi utapungua wenyewe.

Sasa wauzaji. Kebo ya kupima mita, wanaipima kwenye kaunta kati ya misumari miwili waliyoigonga wenyewe. Mita ishirini zangu nilipofika nyumbani zilikuwa kumi na nane na nusu. Nikirudi naoneshwa karatasi ukutani: mali ikishauzwa hairudishwi. Ukitaka kufungua skrubu kabla ya kulipa wewe ni mkorofi, ukifungua baada ya kulipa umeiharibu. Na bei inapanda wakijua una mziki wa kukodisha, kana kwamba kila Jumamosi tunavuna mashamba.

Wiki mbili zilizopita nilimpata kijana mmoja mpole, duka la tatu au la nne kutoka kwenye kona ya Mbuyuni. Akaniambia, "Pima tu dada, sina shida." Akanitolea ekstensheni nne za aina moja, boksi moja, bei moja. Mbili zikalia. Mbili kimya. Nikamwonesha, akashangaa kweli, akaniomba nimwoneshe tena. Nikalipia moja ya zile zilizolia. Alipokuwa ananirudishia chenji, mkono wake mwingine ulikuwa unazipanga zile mbili bubu, akazivika nailoni zake vizuri, akazirudisha kwenye rafu.