Uanzie kwenye sinki au kwenye ubao wa kukatia?

Ukiachiwa uchague siku ya kwanza kwenye jiko la hoteli, usikimbilie kisu kwa sababu tu kinapendeza.

Kwenye sinki mgongo utauma, lakini kosa hurekebishika. Komba mabaki, osha vyombo kwa maji ya moto na sabuni, suuza, tia dawa ya kuua vijidudu, acha vikauke vyenyewe. Ukivifuta kwa kitambaa unavirudishia vijidudu. Maji yakitanda mafuta, badilisha. Kisu usikitumbukize kwenye povu, mwenzako ataingiza mkono bila kukiona.

Kwenye maandalizi, yaani kwenye ubao wa kukatia, unajifunza upishi haraka, ila makosa ni ghali. Vitunguu visipokatwa sawasawa, vidogo huungua vikubwa vikiwa bado vibichi. Tandika kitambaa chenye unyevu chini ya ubao usiteleze. Balaa kubwa ni mchuzi: ukiingia friji kwenye sufuria nzima, katikati hubaki vuguvugu usiku kucha na kuchacha. Umimine kwenye trei, kina cha sentimita 5, ushuke kutoka 60°C hadi 21°C ndani ya saa 2, kisha hadi 5°C ndani ya saa 4 zinazofuata.

Asiyewahi kushika kisu cha kazi aanze na sinki. Aliyetoka chuo cha ufundi cha VETA aombe maandalizi, na akipangiwa vyombo asinune.